Kilichomo Mfukoni

…na blauzi ile ni yangu, wala hakuniomba, ameianua kwenye kamba pale uani kama anavyoanua kila kitu cha watu, akaipiga pasi, akaivaa, na sasa amesimama nayo mbele ya chumba cha mikutano, mwanga wa projekta unampiga begani, na inampendeza kuliko inavyonipendeza mimi, hapo ndipo panaponiuma, maana mtu akikuchukulia nguo ikamkaa vibaya unacheka moyoni na mambo yanaisha, lakini huyu mdogo wangu kila anachokichukua kwangu kinageuka kuwa chake, kinamkaa, watu wanasahau kwamba kilianzia kwa mwingine… “kama mnavyoona,” anasema, “mlango wa kimeng’enya uko upande huu,” na kidoa chekundu cha taa yake ya kuonyeshea kinatembea juu ya picha, kinapanda, kinashuka, kinatetemeka kidogo, kumbe na yeye anaogopa, vizuri, aogope, na Profesa ameketi kiti cha mbele kabisa anafuta miwani kwa pindo la koti lake jeupe, ishara kwamba amevutiwa, ninamjua mwanamke yule, hafuti miwani kwa jambo la kijinga, kwangu hajaifuta tangu sijui lini, na Kicheko, fundi wetu wa mashine, tunayemwita hivyo kwa sababu anacheka hata mashine zikiungua, ameegemeza kidevu kwenye ngumi anamtazama mdogo wangu kama mtu anayesubiri penalti ya mwisho, hata kucheka amesahau… na mimi niko nyuma karibu na dirisha, nimekunja mikono, nimevaa uso wa dada mkubwa anayejivunia, uso huo nimeuzoea, niliuvaa kwenye mahafali yake, nikauvaa kwenye harusi yake, nikauvaa siku aliyojifungua na baba akambeba mjukuu kuzunguka wodi nzima akimwonyesha kila muuguzi, mashavu yanachoka lakini uso hauanguki.

Vimeng’enya hivi ni vyangu, acha niseme hivyo hata kama ni moyoni tu, mimi ndiye niliyekiona cha kwanza ndani ya bakteria wa udongo wakati yeye bado ananakili kazi zangu za kemia, kimoja, kisha kingine kinachofanana nacho, kisha ndugu zake kwenye bakteria wa madimbwi, wa mizizi, wa matumbo ya wadudu, mpaka ikawa ukoo mzima, familia kubwa ya vimeng’enya ambayo hakuna mtu duniani aliyejua inafanya kazi gani, na mtu akiniuliza nilikuwa namwambia kimeng’enya ni kama kibarua ndani ya chembe hai, kila kimoja kina kitu chake kimoja kinachokikamata, kikakikata au kukiunga au kukinyofoa kipande, ila hivi vya kwangu sikujua vinakamata nini, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuvipa kitu hiki, nikapima, hakuna, nikavipa kile, nikapima, hakuna, nikamwaga, nikaosha, nikaanza upya, miaka ya ujana wangu yote imepita mbele ya sinki lile… na baba, fundi cherehani aliyestaafu lakini bado anatembea na utepe wa kupimia shingoni, aliniuliza siku moja, “Hivi mama, pale maabara hasa unafanya nini?” nikamjibu, “Natafuta kazi ya kimeng’enya, baba,” akacheka mpaka akakohoa, akawaambia majirani, “Binti yangu ana shahada tatu na bado anatafuta kazi!” na ule utani ukakaa, ukawa wa nyumba nzima, kila mgeni akija lazima ahadithiwe, na mimi nacheka, nawamiminia chai, nacheka… mpaka siku moja kitu kikasogea, polepole mno, kasi ya konokono mgonjwa, lakini kilisogea, mnyororo mrefu wa sukari ulikatika, nikapima tena, ukakatika tena, tukaandika, na mimi kwa mkono wangu niliandika “huenda”, huenda familia hii inakata sukari, neno hilo lipo mpaka leo, lakini wasomaji wana haraka, ulimwengu ulibeba sukari ukaiacha huenda njiani, na leo hii ukifungua hifadhi yoyote ya data, kila ndugu wa kimeng’enya changu, hata wale ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwagusa, wameandikwa kikata-sukari, kikata-sukari, kikata-sukari, na hapa maabara wakanibatiza Mama Sukari, jina zuri, linanyeyuka mdomoni, wenzangu wanaitwa Mama Fulani kwa watoto wao na mimi naitwa kwa sukari.

“Sasa nitawaonyesha jinsi fuwele zilivyopatikana,” anasema, na Kicheko anaipigia makofi picha ambayo hata haijatokea vizuri, makofi matatu mepesi, kisha anajistukia anashusha mikono… fuwele, hilo neno ndilo lililoharibu kila kitu, mimi niliyemleta hapa, tuseme ukweli, alikuwa nyumbani amemaliza chuo hana la kufanya, baba akaniambia, “Mchukue mdogo wako, msitupane,” nikaenda kwa Profesa nikamwombea, na Profesa akampa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kuotesha fuwele za protini yangu, kazi niliyoijaribu mimi mwenyewe nikaiacha, unachanganya tone la protini na tone la chumvi chumvi fulani, unafunika, unasubiri, na unachopata ni ute, au vumbi, au kitu kama makamasi, hakuna zaidi, nikasema basi, kazi ya mtoto, itamfunza subira… na kweli alisubiri, ila aliposubiri akafikiri, akaja mezani kwangu akasema, “Dada, mimi nadhani huu mkia wa protini ndio unaoleta shida, unapepea pepea, haukubali kupangika, niukate?” nikamwambia asithubutu, mkia ule ni muhimu, mimi ndiye ninayeijua protini hii, akasema “Sawa dada,” ile sawa yake laini, ile sawa ya tangu utotoni ambayo maana yake ni kwamba ataenda kufanya anavyotaka, akaukata, na baada ya muda si mrefu akaniita, “Dada, njoo kwenye hadubini,” nikainama nikaona… sitaki kukumbuka nilichoona, vipande vyembamba kama vigae vya kioo, vinawaka buluu na waridi na manjano kila alipozungusha mwanga, vizuri, vizuri kupita kiasi, na kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni kilikuwa, “Chumvi hiyo,” maana mara nyingi huwa ni chumvi, wengi wamepiga vigelegele juu ya chumvi, na yeye hakubisha, alichukua sindano nyembamba akakigusa kipande kimoja, kwa sababu chumvi ukiichoma inapasuka kwa ukali, tak, lakini protini inaporomoka laini kama sabuni iliyolowa, na ile ikaporomoka laini, tulisimama pale vichwa vyetu vimegusana juu ya hadubini, nikahisi kitu kinanipanda, na hakikuwa furaha, nilikisubiri kiwe furaha, hakikuwa.

Na Jumapili ile kwa baba, ndiyo iliyonimaliza, tumekaa sebuleni, mtoto wake amelala mapajani mwa babu yake, na baba anamuuliza yeye, si mimi, “Na wewe kitinda mimba, hiyo fuwele yako ni kitu gani?” akachukua kopo la vifungo vya zamani pale juu ya cherehani, akasema, “Baba, chukulia una kifungo kidogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kukiona, ukikipiga mwanga peke yake, hakuna kitu, mwanga unapita tu, lakini ukivishona vifungo hivyo maelfu kwa maelfu kwenye kitambaa, kwa mistari iliyonyooka, vyote vimeelekea upande mmoja, halafu ukapiga mwanga, vyote vitajibu kwa sauti moja, na madoa yatakayotokea ukutani yatakuambia kifungo kimoja kina umbo gani, kina matundu mangapi, uzi unapita wapi,” basi baba akakitazama kifungo alichokishika kama anakiona kwa mara ya kwanza, akasema, “Kumbe ndiyo hiyo kazi yenu! Sasa nimeelewa!” kazi yenu, alisema, lakini alikuwa anamtazama yeye, na mimi niliyemweleza miaka yote ile sikupata hata kumbe moja… na siwezi kusema alifanya vibaya, hicho ndicho kinachonikaba, hakufanya kitu kibaya hata kimoja, ungekuwa ubaya ningepata pa kushika, ningegomba, ningenuna, ningeenda kulalamika kwa shangazi, lakini utamlalamikia nani kwamba mdogo wako anajua kueleza?

Kimya kimekuja ghafla chumbani, nini, nimekosa nini, picha imebadilika, kimeng’enya sasa kimekatwa katikati kama tunda ili ndani kuonekane, na ndani kuna shimo, lile tunaloliita mfuko, mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika, nimeliwazia kwa miaka bila kuliona, na sasa ni lile pale, limechorwa kijivu, chini kabisa kuna kidoa cha zinki kimeshikwa na mikono mitatu ya protini, sikujua kwamba kuna zinki, sikuwahi kuota zinki, na juu ya mfuko kuna kipande kilichofunika kama kawa juu ya sahani… na mlango ni mwembamba, Mungu wangu, ni mwembamba mno, kila mtu chumbani anaona, mtu mmoja amekohoa, kiti kimelia sakafuni, mnyororo mrefu wa sukari ungepita wapi pale, ungekuwa kama kujaribu kuingiza kamba ya meli kwenye tundu la sindano, na Profesa amevaa miwani yake, anasema taratibu, “Kwa hiyo ule mnyororo wa sukari…” na hakumaliza, hakugeuka kunitazama, afadhali angegeuka, naona kisogo chake tu, mvi zake, na mdogo wangu anadakia haraka haraka, “Sijui, Profesa, labda kifuniko kinafunguka, labda kwenye maji kinacheza, hii ni picha ya kitu kilichoganda tu, dada alipima, na dada hakosei vipimo,” ananitetea, amesimama ndani ya blauzi yangu ananitetea mbele za watu, bora angenishambulia, mtu akikushambulia unasimama, ukitetewa unabaki umekaa… na Profesa anastaafu mwisho wa mwaka, ameshasema familia hii ya vimeng’enya ataiacha mikononi mwa mmoja wetu, alisema hivyo hivyo tu, kikombe mkononi, “Tutaona nani ataibeba,” kama mtu anayegawa vyombo vya jikoni, na tangu siku hiyo nimekuwa nikihesabu nani kaitwa ofisini kwake, nani kachekewa, nani kaulizwa habari za nyumbani.

“Na mwisho,” anasema mdogo wangu, sauti imeshuka, “kuna hiki,” na ndani ya mfuko, juu kidogo ya zinki, kinatokea kitu cha kijani, kimefumwa kama wavu, kile ambacho ramani iliyochorwa kutokana na yale madoa ya mwanga inasema kipo lakini hakuna aliyekitia jina, “hiki sikukiweka mimi, kilikuja na protini au kiliingia baadaye, sijui, kabla ya kugandisha fuwele niliichovya kwenye gliseroli ili barafu isiivunje, kwa hiyo huenda ni hiyo gliseroli imeingia, wengi wanasema mara nyingi huwa ni hiyo, ila…” akaacha ila yake ikining’inia, na sasa Profesa anageuka, kiti chake kinazunguka chote, ananitazama mimi, na chumba kizima kinageuka naye, “Mama Sukari, wewe ndiye mwenye familia, hebu tuambie, hiyo ni gliseroli?” na mdogo wangu pale mbele ananitazama pia, kidoa chekundu kimesimama juu ya kile kitu cha kijani, kinatetemeka, na wote wananisubiri.

Neno moja tu, ndiyo, hata ndiyo haihitajiki, nikiinua mabega na kusema gliseroli watacheka kidogo, watasema basi, tumeona wengi wakidanganywa na gliseroli, kile kitu cha kijani kitapakwa jina, kitafungwa, sukari yangu itaendelea kuning’inia mahali pake kwa huenda yake, na yeye ataniamini, hilo najua kama ninavyojua jina langu, siku zote ameniamini, nilipomwambia akimeza mbegu ya chungwa mti utaota tumboni alilia mchana kutwa akishika kitovu, ataniamini, atasema, “Asante dada,” na atakaa chini… na wala haitakuwa uongo kamili, inaweza ikawa gliseroli, nani anajua, gliseroli ni kitu kidogo, kimepinda pinda, kama ndoano ya kuvulia dagaa, na hiki… hiki ni kikubwa, kwa nini ni kikubwa hivi, na ni bapa, ni bapa kabisa, sukari yenyewe haiwi bapa, sukari imekunjika kama kiti cha ufukweni, hiki kimelala kama sarafu, si sarafu moja, ni mbili zilizogandamana ubavu kwa ubavu, moja kubwa moja ndogo, pete mbili, pembe sita na pembe tano, na upande wa pili kina mkia mfupi unaopanda kuelekea mlangoni, mimi nakijua kitu hiki, mtu yeyote aliyefundishwa kemia ya chembe hai anakijua, kimo ndani ya kila kiumbe, ni mmoja wa ule ukoo wa adenosini, ila upande ulioelekea zinki pana upungufu, pale panapopaswa kuwa na kipande kidogo cha naitrojeni kinachochomoza hapana kitu, pamenyofolewa, ni kama kidole kilichokatwa, na kama kimenyofolewa basi kile kipande kimetoka, na kikitoka kinatoka kama amonia…

Amonia. Nimeushika mkono wa kiti, hakuna aliyeona, au wameona, sijali… amonia, jamani, mwaka ule wa mwanzo kabisa, kabla ya sukari, nilipokuwa sina akili nikakipa kimeng’enya changu mchuzi wote wa bakteria waliosagwa, kila kitu ndani yake, nikapima kila nilichojua kupima, na amonia ikapanda, ilipanda vizuri, ikapanda kwa kasi ambayo sukari haijawahi kuiona, nikamwita Profesa, akatazama akasema, “Uchafu huo, safisha,” na mimi nikasafisha, nikachuja, nikaosha, nikachuja tena, mpaka amonia ikakoma nikafurahi, nilikuwa nimelisafisha jibu lenyewe nikalimwaga sinkini, maana niliondoa kitu kilichokuwa kinaliwa nikabaki na mlaji mwenye njaa, halafu nikaanza kumlisha sukari, na ile kasi ya konokono, huenda ilikuwa ya kimeng’enya kingine kabisa kilichodandia safari… havikati sukari, havijawahi kukata sukari, vinanyofoa ile naitrojeni kwenye mabaki ya vitu vya aina ya adenosini, vinaokoa takataka za chembe ili zitumike tena, ndiyo maana vipo kila mahali, kwenye udongo, kwenye dimbwi, kwenye tumbo la mdudu, kila mahali penye kufa na kuoza na kuanza upya, familia nzima, wote, na hakuna mtu chumbani anayejua, Profesa hajui, ameshasahau ile amonia, na mdogo wangu hajui, yeye ana umbo lakini hana amonia, amonia ninayo mimi, hayupo mtu mwingine chini ya jua aliyeiona ikipanda siku ile.

Basi si lazima hata niseme gliseroli, mawazo haya yanakuja kwa upole, kama mtu anayeninong’oneza kwa adabu, naweza kusema sijui, nitafikiria, kauli safi isiyo na doa, kisha mkutano ukiisha nikateremka ngazi nikaingia chumba cha madawa, adenosini ipo kwenye friji, rafu ya chini, na ndugu zake wapo, nachanganya, napima, kabla watu hawajamaliza chai nitakuwa nimeona amonia inapanda tena, safi, yangu, na kesho asubuhi nitasimama pale mbele mimi, nitasema familia hii inafanya kazi hii, nitaifuta sukari kwa mkono wangu kabla hajaifuta yeye, na Profesa atafuta miwani, na Jumapili nitachukua kopo la vifungo nimwambie baba, baba, nimepata kazi… naiona picha yote hiyo, ni tamu, nailamba, lakini katikati ya utamu kuna mahali panagoma, nabonyeza pale kama ulimi unavyobonyeza jino bovu, nini, kuna nini pale, ni sauti yake, siku aliyokuwa kwenye mtambo mkubwa wa miale, ule wa kuzipiga fuwele mwanga, alikokwenda na fuwele zake, alinipigia simu asubuhi, mimi niko saluni chini ya mashine ya kukaushia, sisikii vizuri, anapiga kelele, “Dada! Dada, kuna kitu ndani! Mfukoni kuna kitu!” na alikuwa hajampigia Profesa, alikuwa hajampigia hata mume wake, nilijua baadaye, alinipigia mimi kwanza, ramani ikiwa bado mbichi kwenye kioo, na mimi nikamwambia, “Usijifurahishe bure, rudi kwanza tuone,” na upande wa pili ikaja ile sawa yake, “Sawa dada,” ila siku hiyo haikuwa ile sawa ya kwenda kufanya atakavyo, ilikuwa nyingine, ndogo, sikuwahi kuisikia kabla ya hapo, na nilidhani wakati ule kwamba alinipigia ili kujitapa, nilikuwa na hakika, niliwaambia hata wasusi, mdogo wangu huyo, anajitapa… na sasa nimekaa hapa na kitu changu mimi kifuani, bado hakijatimiza hata dakika, na tayari siwezi kukibeba, kinanisukuma meno, nataka kumshika mtu bega, mtu yeyote, nimwambie tazama, tazama pale, na si mtu yeyote, si Profesa, si Kicheko, baba hataelewa, ni mtu mmoja tu katika chumba hiki anayejua uzito wa kile kitu cha kijani, aliyekaa nacho usiku na mchana akikizungusha huku na huku akijiuliza wewe ni nani… kumbe ndivyo alivyokuwa siku ile kwenye simu, hakuwa anajitapa, alikuwa hawezi kukibeba peke yake.

Wivu haujatoka, nisijidanganye, uko palepale, umekaa kama mgeni asiyeaga, nitaamka nao kesho na Jumapili nitakwenda nao kwa baba, ataibeba yeye familia hii, si mimi, watu watasema ni mdogo mtu aliyeisahihisha kazi ya dada mtu, na itakuwa kweli, na itaniuma mahali pale pale, ila kuna kitu kingine kimeketi kando yake sasa ambacho hakikuwepo aliposema mlango wa kimeng’enya uko upande huu, nacho hakinitazami mimi, kinatazama ukutani, kwenye zile pete mbili, kinataka kujua kama mkia umepanda kushoto au kulia… Profesa bado amenigeukia, nyusi juu, “Mama Sukari?” feni inazunguka, kidoa chekundu bado kinatetemeka, mdogo wangu bado amebana pumzi, hakuna kilichosogea, na kwa pumzi hii moja ni mimi peke yangu duniani ninayejua familia hii inafanya kazi gani, na naiacha iwe yangu, pumzi moja nzima, ndefu, naivuta mpaka mwisho, nasikia ladha yake, kisha naitoa.

“Izungushe, mdogo wangu,” nasema. “Ilaze kwa ubavu. Halafu uniambie wewe unaona nini.”